Mfereji Kichwani

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, chako kitie maji. Kwenye banda la kinyozi lililokuwa pembeni ya uwanja wa mpira, methali hiyo haikuwa na kazi, maana pale hukupewa muda wa kutafuta maji. Ukikaa tu benchini, mashine ilikuwa tayari imeshakupita utosini.

Hila hiyo ilikuwa ya Mjomba, mwenye banda. Tangu ujana wake, mteja akija akakuta foleni, Mjomba alimwacha kidogo yule aliyekuwa kitini, akamwendea huyu mgeni pale benchini, akampitishia mashine mara moja tu, kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, kisha akarudi kuendelea na kazi yake. Mstari ule uliobaki katikati ya kichwa aliuita mfereji. Mtu mwenye mfereji kichwani haendi kwa kinyozi wa ng'ambo. Haendi hata dukani kununua kiberiti. Hutulia kimya, mpole kama kuku aliyenyeshewa, mpaka zamu yake ifike.

Mikono ya Mjomba ilipoanza kutetemeka, mashine ilihamia kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, pamoja na kioo, kitana, chupa ya spiriti na hila ya mfereji. Wateja walimwita binti huyo Wembe, na tusidanganyane, hawakumwita hivyo kwa sababu ya kazi. Walimwita hivyo kwa sababu ya ulimi. Asubuhi alinyoa, jioni alivaa jezi na kulinda lango la timu ya wasichana kwenye uwanja uleule, hatua chache tu kutoka mlango wa nyuma wa banda. Alikuwa mtu mwenye furaha. Akifungua macho alikuwa na kazi, akifunga kazi alikuwa na mpira, na katikati ya hayo alikuwa na benchi lililojaa watu wa kuwatania.

Na benchi lile! Ungelisikiliza kwa nusu saa ungedhani baraza la mawaziri limekuja kunyolewa. Kwa nini taa za barabarani haziwaki, kwa nini takataka hazizolewi, nani amekula nini na nani amelala na funguo za ofisi. Benchi lilijua yote. Ila siku ya mkutano wa mtaa, benchi zima lilishikwa na homa. Huyu ana mgeni, yule anafua, mwingine eti mkutano ni wa wazee. Wembe mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga ukumbini hata siku moja.

Jumamosi moja Mjomba alirudi kutoka mkutanoni uso umemshuka. Alikaa kwenye kiti cha kunyolea, kitu ambacho hakukifanya ila akiwa na habari mbaya.

"Uwanja unaondoka, mwanangu," alisema. "Wanataka pawe maegesho ya malori. Mkutano ujao wanapitisha."

Wembe aliacha kufagia nywele. "Na vijana wamesemaje?"

"Vijana wamekubali."

"Vijana gani, Mjomba?"

"Kijana Mkongwe."

Inabidi nimwelezee mtu huyu. Kijana Mkongwe alikuwa mwakilishi wa vijana kwenye kamati ya mtaa. Alikuwa na upara unaong'aa, miwani ya kusomea na wajukuu wanaokwenda shule. Alichaguliwa akiwa kijana kweli, na tangu hapo hakuna aliyefika kumwondoa. Sheria ya kamati ilisema hivi: vijana wasipofika ishirini ukumbini siku ya kura, mwakilishi wa zamani anaendelea. Basi alikuwa akiendelea tu, mwaka baada ya mwaka. Siku ile ya uwanja, Mjomba alisimulia, mwenyekiti aliuliza, "Vijana mnasemaje?" Kijana Mkongwe akageuka kushoto, akageuka kulia, akaona mvi na vipara vitupu, akasimama na kujibu kwa heshima zote: "Vijana hatuna pingamizi."

"Hatuna?" Wembe alifoka. "Yeye na nani? Mimi hajaniuliza!"

"Angekuulizia wapi? Asiyekuwepo na lake halipo."

Neno hilo lilimchoma. Alitoka akasimama kwenye mlango wa nyuma, akautazama uwanja wenye vipara vyake viwili mbele ya malango, akajaribu kuwaza malori yamepangwa pale. Alishindwa. Alichoweza kuwaza ni jioni zake zote zilizobaki duniani, hazina mpira, na yeye amekaa ndani ya banda akinusa dizeli. Machozi yalimlenga, akakasirika kwamba yanamlenga, akarudi ndani.

"Mkutano ujao kuna kura pia. Nitagombea hicho kiti," alisema.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Gombea. Lakini kumbuka kinyozi hajinyoi. Utahitaji watu."

Kwa ahadi, watu hawakuwa shida. Kila aliyekaa kitini aliahidi. Wenzake wa timu waliahidi, na wale aliwaamini, ila hawakufika ishirini. Waliobaki wote walikuwa wa benchi, na wa benchi aliwafahamu. "Tutakuja, Wembe, wewe tena!" walisema, huku macho yao yakimwambia kwamba wana wageni na wanafua. Siku zilivyosogea, usingizi ulimpungua. Ndipo Alhamisi, akiwa amekata tamaa, akapata wazo lililomfanya apige kofi. Alipanda juu ya kigoda akatangaza:

"Jumamosi, siku ya mkutano, kunyoa ni bure! Kila kijana atakayekuja kunipigia kura, kichwa chake ni juu yangu!"

Benchi lilipiga vigelegele. Mjomba alikunja uso, akaendelea kusafisha kitana.

Jumamosi hakuna aliyetokea asubuhi, ila saa tisa alasiri banda lilifurika kwa mara moja. Walikaa benchini, wakakaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, wakapanga foleni nje mpaka kwenye mstari wa uwanja. Alikuwepo dereva wa bodaboda, alikuwepo muuza vocha, walikuwepo wanafunzi wa chuo, na alikuwepo Kimya, fundi wa kuchomelea mageti, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu aanze kunyolewa pale hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya "punguza" na "asante". Wembe alivimba kwa furaha. Ila hofu ya kukimbiwa ilikuwa bado imemkaa rohoni, kwa hiyo alifanya kama alivyofundishwa. Kabla ya kuanza kazi alitoka na mashine yake ya betri, akapita foleni nzima, kichwa baada ya kichwa. Mfereji, mfereji, mfereji. Sasa watoroke tuone.

Alikuwa na mteja wa kwanza kitini, bado kitambo kidogo mkutano uanze, mlango ulipoingiza upara unaong'aa.

"Salamu, vijana wenzangu!" alisema Kijana Mkongwe.

"Shikamoo, mzee," foleni ilijibu kwa pamoja.

Aliipokea salamu kwa tabasamu la mtu aliyeumia kidogo. Alikuwa amekuja kunyolewa vile vinywele vya nyuma ya masikio, kama kawaida yake kila siku ya mkutano. Alitazama vichwa vyenye mifereji, akamtazama Wembe, akaelewa yote mara moja. Mtu yule hakuwa mjinga hata kidogo.

"Nasikia leo ni bure."

"Kwa vijana," Wembe alijibu, makali yakiwa tayari ulimini.

"Safi sana, binti yangu. Safi sana." Na hakukuwa na kejeli katika sauti yake, hilo ndilo lililomtisha Wembe. Alikuwa anafurahi kwa dhati, kama fundi mzee aliyeona mwanagenzi ameshika nyundo vizuri. "Hata mimi nilianza hivihivi. Nilikuwa na umri wako. Mimi niligawa sukari. Kila kijana pakiti moja. Wakanichagua, wakaenda zao nyumbani kunywa chai, na mpaka leo sijawaona tena."

Banda lilicheka. Wembe hakucheka. Alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni hadi masikioni. Alimtazama mzee yule kwenye kioo, kisha akajitazama mwenyewe pembeni yake, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi wanavyofanana.

Akazima mashine.

"Vipi?" aliuliza dereva wa bodaboda, aliyekuwa kitini na kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Leo hakuna kunyoa bure," Wembe alisema. "Nimekosea. Nilikuwa nawanunua. Mimi ninayepiga kelele kila siku kuhusu waliokula, nilikuwa nawalisha nyinyi."

Kelele zilizofuata usiziulize. Mmoja alisema sawa, tutalipa, malizia. Mwingine alisema kwanza turudishie tulivyokuwa. Muuza vocha alishika mfereji wake kwa vidole viwili kama mtu anayepima kina cha kidonda. "Sukari inarudishwa, Wembe! Nywele zinarudishwaje?"

"Hazirudishwi. Na kuwamalizia siwezi. Tazameni saa. Mama Mwenyekiti anafunga mlango saa kumi kamili, mnamjua." Walimjua. Alikuwa mwalimu wao wa darasa la kwanza, wote. "Anayetaka nimnyoe, atalipa kama siku zote, na nitamnyoa vizuri, na mkutano utatupita. Anayetaka uwanja, twende hivihivi."

"Hivihivi? Na vichwa hivi?"

"Na vichwa hivyohivyo." Hapo ulimi wake ulimrudia, na bora ulivyorudi. "Mkutano uliopita mlikuwa mmenyolewa vizuri wote. Mmechongwa, mmepakwa poda, mnanukia. Mlikaa hapa benchini mmependeza mno, na kule wakagawa uwanja wenu. Usafi wa kichwa ulitusaidia nini? Na msiniangalie mimi. Kama hamtaki kunichagua msinichague, chagueni hata hiyo ndoo. Lakini mje!"

Mjomba, kwenye kona yake, alikuwa ameacha hata kutetemeka.

Aliyeinuka kwanza alikuwa Kimya. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akapitisha kiganja kwenye mfereji wake, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akatoka akashika njia ya ukumbini. Dereva wa bodaboda akamfuata, shuka la kunyolea likiwa bado limefungwa shingoni. Wakafuata wengine, wakisukumana, wakitukanana kwa upendo, wengine wamejifunika taulo, wengine wamejikabidhi kwa Mungu. Kijana Mkongwe alibaki na vinywele vyake nyuma ya masikio, akaguna, akawafuata.

Waliingia ukumbini Mama Mwenyekiti akiwa ameshashika kitasa. Alisogea pembeni wakapita mbele yake mmoja mmoja, mfereji kwa mfereji, na yeye aliyetuliza madarasa ya watoto sabini alishindwa kujituliza mwenyewe. Alicheka mpaka akavua miwani. Ukumbi mzima ulicheka. Wazee walisimama kwenye viti ili waone vizuri. Vijana wale, waliokuwa wanaogopa kuchekwa kuliko wanavyoogopa polisi, walichekwa mpaka kicheko kikaisha, wakagundua kwamba bado wako hai. Wasichana wa timu, waliokuwa wamefika mapema na jezi zao, waliwasogezea nafasi.

"Vijana leo mmefika," alisema Mama Mwenyekiti akipangusa macho. "Sina haja hata ya kuhesabu. Wagombea?"

Wembe alisimama kabla hajaitwa.

"Mwalimu, kabla ya kura kuna jambo. Hawa niliwaahidi kunyoa bure wanichague. Ni hongo. Nimeiacha katikati ndiyo maana wako hivi. Kama sifai, niondoeni."

Minong'ono ilizagaa. Mzee mmoja wa mbele akasema sheria ni sheria, aliyetoa zawadi asigombee. Mwingine akauliza zawadi iko wapi, aoneshwe. Hapo muuza vocha akaruka, kidole kikielekea utosini kwake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, zawadi ndiyo hii! Mimi kesho natembelewa na wazazi wa mchumba wangu! Hii si hongo, ni hasara!"

Ukumbi ulilipuka tena. Mama Mwenyekiti aligonga meza. "Waliotiwa hasara ndio wataamua. Agombee au asigombee?"

"Agombee!" walijibu wenye mifereji, wengine kwa mapenzi na wengine kwa kisasi.

Ndipo Kimya akasimama. Wateja wenzake waligeuka wakamtazama kama watu waliosikia kabati likikohoa.

"Nina swali kwa wote wawili," alisema. Sauti yake ilikuwa nene na nzuri, ajabu aliificha kwa nini. "Uwanja utabaki?"

Kijana Mkongwe alijibu kwanza. Alizungumza juu ya maendeleo, na changamoto, na umuhimu wa malori, na jinsi kijana alivyo taifa la kesho. Alipokaa, hakuna aliyekumbuka swali lilikuwa nini.

"Mimi sijui kama utabaki," alisema Wembe. "Kura yangu kwenye kamati itakuwa moja tu. Nitaupigania, hilo nalijua. Lakini nikienda peke yangu nitamezwa. Mkija na nyinyi kila mkutano, mkauliza kama huyu alivyouliza, watatumezaje wote? Na jambo la mwisho. Nikishapita umri wa ujana, msinionee haya. Nishusheni."

Kura ilikuwa ya mikono. Mikono ya jezi iliinuka, mikono yenye grisi ikainuka, na mmoja ulinyanyuka kutoka chini ya shuka la kunyolea. Wembe alishinda. Na kwa kuwa walikuwa wameshafika, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoka nje na kichwa kile, walibaki mpaka ajenda ya malori. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliuliza kwa nini maegesho yasihamie nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Hakuna aliyewahi kuuliza hilo. Jambo liliahirishwa hadi mkutano wa mwezi uliofuata, ili eneo lile likaguliwe.

Wakati watu wanatoka wakiimba, Kijana Mkongwe alimvuta Wembe pembeni. Hakuwa na kinyongo. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo na bado hajazoea mikono mitupu.

"Lile neno lako la mwisho," alisema taratibu. "La kushushwa. Mimi nililisema pia, binti yangu. Palepale uliposimama. Nililisema kwa moyo wangu wote."

"Ikawaje, mzee?"

"Hawakurudi kunishusha."

Wembe alirudi nyumbani na maneno hayo, na yalimkaa mwezi mzima. Siku zilizofuata wenye mifereji walikuja kumaliziwa, wakalipa, wakamzomea, wakapendeza. Wale waliokosa mkutano walianza kumwomba awachonge mfereji, wakidhani ni mtindo mpya; aliwafukuza. Lakini alipowauliza wa benchi kuhusu mkutano wa pili, alisikia tena wimbo wa zamani. "Tutakuja, Wembe, wewe tena!" Safari hii hakukamata kichwa cha mtu. Ijumaa jioni mashine aliifungia kabatini, funguo akampa Mjomba.

Jumamosi ilipofika alikwenda ukumbini mapema, akakaa kwenye kiti cha mwakilishi wa vijana. Kiti kilikuwa na shimo la raha pale katikati, alilolichimba mwenzake kwa miaka yote ile, na Wembe alishangaa jinsi alivyotoshea humo bila shida. Aliogopa. Wazee waliingia, mvi kwa mvi. Kijana Mkongwe aliingia akakaa nao, penye haki yake sasa. Saa ya ukutani ilikaribia kumi. Mama Mwenyekiti alisimama akaelekea mlangoni, akamtazama Wembe kwa huruma, akashika kitasa.

Nje kukasikika pikipiki, kisha watu wakigombana nani alisema tukutane kwa nani. Waliingia wakihema, dereva wa bodaboda, muuza vocha na mchumba wake, wanafunzi, wasichana wa timu, nywele zimeshaota, hakuna hata mfereji mmoja. Kimya alikuja moja kwa moja akakaa mstari wa mbele kabisa, uso kwa uso na mwakilishi wake.

Wembe alishindwa kuzuia meno yake. "Mmekuja kunisaidia!"

"Hapana," alisema Kimya, akifungua karatasi yenye maswali. "Tumekuja kukuchunga."

Nyuma, kwenye viti vya wazee, Kijana Mkongwe alipiga makofi peke yake.